Babu akishazikwa: namna ya kukusanya maisha yake kabla watu hawajatawanyika

Kwetu Pemba msiba hukusanya watu kuliko harusi. Akifariki mzee, kabla jua halijatua wamekwishafika waliopo Wete, Chake na Mkoani. Kesho yake wanashuka kwa boti wa Unguja na Dar es Salaam, wa Tanga na Mombasa wako njiani, na waliopo Omani wanapiga simu kila baada ya sala. Siku tatu za matanga, karibu kila aliyemjua marehemu yumo katika ua mmoja. Siku ya nne mikeka inakunjwa, masufuria yanarudishwa kwa wenyewe, na kila mtu anaondoka na alichokijua yeye juu ya yule mzee. Wengine katika hao hamtaonana nao tena duniani.

Ndiyo maana nasema kazi ya kumkumbuka babu ianze siku zile zile tatu, isingoje arobaini wala mwaka.

Nayaandika haya kwa sababu babu yangu mzaa baba, mkulima wa karafuu wa Mtambwe, ametangulia mbele ya haki, na ami zangu walinikabidhi mimi kuandika maisha yake. Hakuwa sheikh mwenye darsa wala kiongozi wa chama. Alikuwa baba wa nyumba mbili na babu wa wajukuu waliojaa baraza. Watu wa namna hii ndio husahauliwa upesi, kwa kuwa walichokifanya umri wao wote kilikuwa ni kulea, na kulea hakuandikiwi stakabadhi. Atakayeshika kazi kama hii kwa babu yake, nina ya kumwambia.

Siku tatu za matanga

Chagueni watu wawili mapema, mmoja akae barazani na wanaume, mmoja akae ndani na wanawake. Msimtegemee mtu mmoja. Yanayosemwa nje hayafiki ndani, na ya ndani ndiyo mengi. Barazani mtapata bei za karafuu, safari za mashua, nani alikuwa na kesi na nani juu ya mpaka wa shamba. Ndani mtapata nani aliyekuwa akiamka usiku mtoto anapougua. Mimi nilikaa ndani, na binamu yangu wa kiume akakaa nje. Jambo la mwanzo nililolipata, kutoka kwa jirani wa zamani wa bibi, ni kwamba bibi alipojifungua mapacha na maziwa yake yakawa hayatoshi, babu alikuwa akitoka kabla ya alfajiri kwenda kwa mwenye ng'ombe, akirudi na maziwa, akimpa mama mkwe wake mlangoni, ndipo aende kusali na kisha shamba. Hapana mtoto wake hata mmoja aliyelijua hilo, kwani wote walikuwa wadogo. Lingekwenda na yule jirani.

Siku ya maziko usiulize kitu. Kaa, saidia kupika, pokea watu, sikiliza. Siku ya pili baada ya sala ya alasiri, wakati wa chai na kahawa, wazee wenyewe huanza kumtaja marehemu. Hapo ndipo unapokaa karibu na kusema: "Shikamoo babu, naomba kuyaandika haya unayoyasema, yasitupotee." Sijaona mzee aliyekataa akiombwa kwa heshima. Kama anakataa kurekodiwa sauti, weka simu mbali na uandike kwa mkono.

Tumia kaunta buku lenye jalada gumu, usitumie karatasi mojamoja. Kila ukurasa uanze na jina la msemaji, uhusiano wake na marehemu, mahali na tarehe. Ukirekodi kwa simu, iweke juu ya mkeka karibu na msemaji, zima feni, na wewe mwenyewe utaje mwanzoni ni nani anayesema na leo ni siku gani. Baada ya mwaka mmoja utakuta sauti nyingi za wazee zinafanana, na bila ya jina utababaika.

Kuna jambo jengine la siku hizo ambalo watu hawalihesabu kuwa ni kumbukumbu, nalo ni madeni. Makaburini, kabla watu hawajaondoka, mmoja wa jamaa husimama na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwa wanawe. Wapeni wanaokuja sikio la pili. Anayekuja kudai, na zaidi anayekuja kusema "mimi ndiye niliyekuwa nadaiwa naye", amebeba kisa. Kwetu alikuja mvuvi kutoka Kojani akasema babu alimkopesha fedha ya kununulia nyavu mwaka ambao karafuu ziliteremka bei, na kila akija kulipa babu humwambia ngoja kwanza watoto wako waanze skuli. Deni lake liliandikwa katika hesabu ya mirathi kama inavyotakiwa, na kisa chake kikaandikwa katika daftari langu.

Maswali yenye kuleta jibu

Ukiuliza "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa na kila mtu: alikuwa mpole, mcheshi, mtu wa watu, Mungu amrehemu. Yote kweli, lakini maneno hayo hayo yatasemwa kesho kwenye msiba wa jirani. Uliza juu ya mikono yake na saa zake. Alikuwa akiamka saa ngapi, na kitu cha kwanza akigusa nini? Barazani alikaa upande gani? Alikuwa akikuitaje, kwa jina lako au kwa jina alilokupa yeye? Mara ya mwisho alikupa nini mkononi? Akikasirika alifanya nini? Alipokuwa na njaa alikula nini kwanza, na aliacha nini sahanini kwa ajili ya nani?

Hilo la mwisho ndilo lililonipa mengi. Shangazi yangu alifikiri kidogo, akasema: "Alikuwa hali kichwa cha samaki. Alisema hapendi. Siku moja nilimkuta peke yake jikoni anakila, na anakila kwa raha." Miaka yote ile sisi tukijua babu hapendi kichwa cha samaki, kumbe alikuwa akituachia sisi. Kisa kile kimekaa katika ukurasa wa mwanzo wa daftari, wala sikukiongezea neno.

Ukishapata jibu, nyamaza. Wazee wetu husema jambo, wakanyamaza, kisha wakasema lililo zito zaidi. Ukilijaza lile pengo kwa swali jipya, la pili halitoki.

Na maneno ya marehemu yaandike kama alivyoyatamka. Babu hakusema "njoo hapa", alisema "njoo kuno". Hakusema "mimi sitaki", alisema "mie sitaki". Binamu yangu alitaka kuyanyoosha yawe ya kitabuni, nikamkatalia, kwa sababu wajukuu wa wajukuu wake wakiyasoma nataka wamsikie Mpemba.

Kukaa na bibi

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni mjane. Eda yake ni miezi minne na siku kumi, na muda huo yumo nyumbani. Usimwendee wiki ya kwanza na daftari. Nenda na kitoweo, keti, mchambulie mchele, mwache azungumze au asizungumze. Bibi yangu wiki nyingi alikuwa akisoma Yasini tu, hana neno. Kisha alasiri moja akaanza mwenyewe kutoka mahari aliyotolewa, bila ya kuulizwa.

Kama marehemu alikuwa na nyumba mbili, kama babu yangu, nenda kote kuwili, tena nenda sawasawa. Bibi mkubwa alikuwa Mtambwe, bibi mdogo Ole, na babu alikwenda baina yao kwa baiskeli hadi magoti yalipomkatalia. Maisha yakiandikwa na nyumba moja, nyumba ya pili itayaona ya uongo hata kama kila sentensi ni kweli. Mimi ni wa Mtambwe. Nilimwendea bibi mdogo nikamwambia wazi kwamba kitabu hiki ni cha nyumba zote mbili na majina ya wanawe yatapangwa kwa umri pamoja na baba zetu, bila ya kutenganishwa kwa mama. Aliita wanawe wote wanijie. Huko Ole ndiko nilikojua kwamba babu akinunua samaki mmoja mkubwa, alimkata kati kwa usawa gatini Wete, akafungasha mafungu mawili, na fungu la Ole alilipeleka lingali bichi hata kama mvua ya masika inanyesha. Mtambwe tuliona fungu letu tu.

Juu ya aibu na ugomvi wa zamani, hukumu yangu ni hii: usiandike uongo, na usiandike kila kitu. Sitara ya maiti ni wajibu. Lakini kama babu alimwacha mke na mtoto mahali, mtoto yule ni damu yake na jina lake liingie. Kumwacha nje ni kumdhulumu mtu aliye hai.

Kuipata miaka

Wazee wengi wa umri wa babu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwaka ulioandikwa katika kitambulisho mara nyingi ulikadiriwa na karani mbele ya meza. Usiutupe, wala usiuamini peke yake. Tafuta matukio ambayo tarehe zake zinajulikana, kisha uliza marehemu alikuwa na umri gani au anafanya nini wakati huo.

Haya ndiyo niliyotumia mimi. Rupia iliondolewa Zanzibar na shilingi ikaingia mwaka 1936. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa 1939 hadi 1945, na wazee wanakumbuka dhiki ya chakula na nguo. Sultani Khalifa bin Harub alitawala tangu 1911 akafariki 1960. Zama za siasa, za vyama na chaguzi, zilianza 1957 zikaishia kwenye uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Baada ya hapo eka tatu, yaani mashamba ambayo Serikali iliwapa wakulima, zikaanza kugaiwa. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na karibu kila mtu mzima wa wakati ule anakumbuka alikuwa wapi habari ilipomfikia. Vita vya Kagera vilikuwa 1978 na 1979. Kwa wajukuu, usiku ilipozama meli ya Spice Islander, kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ni alama isiyofutika katika kisiwa hiki.

Babu aliwahi kumsimulia baba kwamba akiwa mtoto wa chuoni, wa kusoma Kurani, alitumwa dukani na rupia, akaogopa kuipoteza, akaishika mdomoni njia nzima. Mtoto wa kutumwa dukani hapungui miaka sita au saba. Kwa hiyo alizaliwa si baada ya mwaka 1929 au karibu na hapo, wakati kitambulisho chake kilimpunguzia miaka kadhaa. Niliandika "alizaliwa kiasi cha mwaka 1928" na chini yake nikaeleza kwa nini. Maelezo hayo yasiachwe, ili atakayekuja na ushahidi bora aweze kusahihisha.

Ukiambiwa umri, uliza umehesabiwa kwa mwaka gani. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Mzee aliyetimiza miaka 100 kwa Hijria ana kama 97 kwa hesabu ya kawaida. Na miezi yetu iandike kama ilivyotajwa. Bibi hajui babu alimwoa tarehe gani, lakini anajua ilikuwa Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, na karafuu zilikuwa zinaanikwa. Ukijua msimu wa karafuu na mwezi wa Hijria kwa pamoja, miaka inayowezekana inapungua, na hapo kalenda ya kubadilisha tarehe kwenye intaneti inakusaidia.

Karatasi, picha na vitu

Fanya kazi hii mapema, kabla nguo hazijatolewa sadaka na kasha halijapekuliwa na kila mtu. Mbele ya wanawe wawili au watatu, toa kitu kimoja kimoja, kipige picha, kiandike, kirudishe. Kofia ya kushona kwa mkono, nani aliishona? Bakora, msala, tasbihi, panga, redio, baiskeli, kandili. Picha pigeni nje kivulini, asubuhi, juu ya kitambaa kisicho maua.

Kumbuka kwamba vitu hivyo vina wenyewe. Mali ya marehemu inalipiwa kwanza mazishi na madeni, kisha wosia usiozidi theluthi, kisha warithi. Mjukuu harithi pale penye mtoto wa kiume wa marehemu. Kwa hiyo hata kofia ukiipenda vipi, omba warithi, wakikubali wote ndipo uchukue. Mimi niliomba ngoeko, fimbo yake ya kuvutia matawi ya mkarafuu, na ami zangu na shangazi zangu wote wakaridhia mbele ya mashahidi.

Karatasi za kutafuta ni cheti cha ndoa, hati ya eka tatu kama alipewa, vitambulisho vya zamani, barua, kadi za kliniki za watoto, na stakabadhi za mauzo ya karafuu. ZSTC, shirika la biashara la Serikali linalonunua karafuu, lilianzishwa 1968, na wakulima wengi walizihifadhi stakabadhi zake kwa miaka, zikiwa zimefungwa kwa uzi. Ukizipanga kwa tarehe utauona umri wa mtu: mwaka mzuri, mwaka mbaya, mwaka aliouza mapema kuliko kawaida. Mimi niliulizia ule mwaka aliouza mapema nikaambiwa ndio mwaka ami yangu alipelekwa hospitali Unguja.

Pemba ina unyevu mwingi, na karatasi hufa kwa ukungu, mende na mchwa. Zitie katika bahasha za karatasi, bahasha ndani ya kopo au kasha lenye kifuniko, mbali na ukuta na juu ya ardhi. Usibandike kwa gundi wala selotepu. Usizipeleke kufunikwa plastiki ya moto, maana haitoki tena. Tunatia karafuu kwenye nguo, lakini usitie kwenye karatasi, mafuta yake yanaacha madoa. Nyuma ya picha andika kwa penseli, majina kutoka kushoto kwenda kulia, na watambulishe waliomo wakati bibi bado macho yake yanaona. Ukizituma picha kwa WhatsApp zitume kama faili la dokumenti, ama sivyo zinapunguzwa ubora wake. Nakala moja ikae Pemba, moja ikae nje ya kisiwa.

Kutembea shambani

Wengi huishia kwenye kasha. Mkulima maisha yake yako shambani, na hapo ndipo ningekutaka ukae sana. Mchukue ami au mjomba aliyelima na babu, mwende asubuhi, na daftari. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi, na wazee walipanda miti kwa majina ya watu. Katika shamba letu la Mtambwe kuna mkarafuu wa shangazi, uliopandwa alipozaliwa. Kuna mnazi wa mapacha. Kuna mstari wa mikarafuu ambao babu alikuwa ameshakuwa mzee alipoupanda. Mkarafuu unataka miaka sita hadi minane kuanza kuzaa, na unapopata matunzo huishi umri wa watu wawili. Ami yangu alisimama mbele ya ule mstari akaniambia babu alisema, "Hii si yangu, hii ya hao wanaolia ndani." Wanaolia ndani wakati ule tulikuwa sisi.

Chora ramani ya mkono ya shamba. Weka njia, kisima, pahala pa kuanikia, mipaka, na jina la kila mti wenye jina. Ramani hii itasaidia hata siku ya kugawana.

Uliza pia kazi zilivyofanywa: nani alipanda juu, nani alichambua, karafuu zilianikwa kwenye majamvi au sakafu, nani alikimbia kuanua mvua ilipotaka kunyesha, wachumaji walilipwa kwa pishi au kwa kilo. Mambo haya yote mtu wa leo anayajua. Wa miaka hamsini ijayo hatayajua.

Nasaba

Hapa pana wepesi, kwa sababu jina la Mzanzibari linabeba baba na babu. Kila mjukuu wa kiumeni wa babu yangu analo jina lake mwishoni. Kinachopotea ni upande wa wanawake. Kwa kila mke, kila binti, kila bibi, andika jina lake, la baba yake na la mama yake, na kijiji alichotoka. Na usisahau ndugu wa kunyonya. Bibi mdogo aliwanyonyesha watoto wawili wa jirani. Hao ni ndugu wa ami zangu, na isipoandikwa siku moja vijana wataposana bila ya kujua.

Kuandika kwenyewe

Sasa una daftari limejaa. Usianze na "Marehemu alizaliwa". Tarehe na majina ya wazazi ziweke katika ukurasa wake. Anza na siku yake moja ya kawaida, kutoka alfajiri hadi isha, kisha msimu wake, kisha miaka yake. Kila ukiandika sifa, jiulize nani aliiona na ilikuwa inafanya nini. "Aliwapenda sana wajukuu wake" futa, uweke lililotokea. Nakupa kipande nilichokiandika mimi:

"Msimu wa karafuu ulipoingia, babu aliwaachia wachumaji matawi ya juu, ya chini akatugawia sisi watoto. Kila mmoja alikuwa na pakacha lake. Jioni alitandika jamvi ukumbini, akawasha kandili, tukakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Mdogo kuliko wote alikaa pajani kwake, na mkono wake ukichoka babu alimmalizia pakacha lake bila ya kusema kitu. Zikishakauka alipima kwa pishi, akataja jina la mtoto na kipimo chake mbele ya watu wazima. Kwa fedha ile tulinunuliwa nguo za sikukuu, na kila mtoto aliijua nguo yake kaichuma mwenyewe."

Hapana neno "upendo" pale, na shangazi aliposomewa alilia.

Urefu usikutishe. Kurasa ishirini zenye vitu vya kweli zinatosha. Ukimaliza, kabla ya kuchapisha, wasomee wajane wote, kisha watoto wakubwa, kwa sauti. Bibi mkubwa alinisahihisha mambo mengi, pamoja na rangi ya kanzu ya harusi, na nilibadilisha kila moja. Penye watu wawili wasiokubaliana, andika kauli zote mbili na majina ya wasemaji.

Nakala, sadaka, na daftari lenyewe

Chapisha stationeri yoyote ya Wete au Chake, funga kwa jalada, nakala moja kwa kila nyumba na kila mtoto. Kama maisha ya mzee wenu yanagusa mambo ya umma, kwa mfano alikuwa nahodha, fundi wa majahazi au mwalimu wa chuo aliyesomesha vijiji, warithi wakikubali ulizeni pia kwenye Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, Unguja, kama watapokea nakala. Kisomo cha arobaini na cha mwaka kina khitilafu baina ya masheikh, fuateni wenu. Ila dua, na sadaka yenye kuendelea, hapana asiyekubali. Sisi tulitoa misahafu kwa chuo alichosomea babu. Wanaotaka kuweka wakfu shamba au kisima, wakubaliane warithi kwanza, kisha waende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wasajili, kwani wakfu wa mdomo tu ndio unaoleta mashitaka kwa wajukuu.

Daftari la asili apewe mtu mmoja mwenye kujulikana. Letu liko kwa ami mkubwa, Mtambwe. Anayeliazima anaandika jina lake na siku, na haliendi baharini. Wa Unguja wanasoma nakala. Nyuma acheni kurasa tupu za kutosha. Sikukuu ya pili ya Idi, familia inapokusanyika, linatolewa, waliozaliwa wanaongezwa katika nasaba, na mwenye kisa kipya anakisema kiandikwe. Waliopo nje wanatuma kwa sauti ya simu. Ami yangu wa Muscat anatuma vipande vifupi vifupi, akitoka kazini, na binamu yangu anavinakili kila Ijumaa baada ya sala, akiandika tarehe iliyotumwa na neno kwa neno kama alivyosema.